Viatu vya Mke Ambaye Bado Hajaingia Nchini

Jumanne, 4 Machi

Bwana Faili kanipigia simu nikiwa kazini. Barua yangu imefika kwake. Ina nembo ya ofisi ya uhamiaji. Hajaifungua, kasema, kwa sababu kufungua barua ya mtu ni kosa. Akataja na kifungu cha sheria. Ndiye mtu pekee duniani anayeweza kukufanya ujione mwizi wa barua yako mwenyewe.

Nimepitia kuichukua jioni. Ijumaa saa nne asubuhi afisa atakuja kuhakikisha kwamba ninaishi pale, nyumbani kwa Bwana Faili. Ni kwa ajili ya viza ya mke wangu. Ombi lake limefika hatua ya mwisho! Miaka miwili na miezi minne tumekuwa tukionana kwenye simu, na sasa kimebaki kitu kimoja tu: mtu aje akione chumba ninacholala.

Tatizo dogo. Silali pale.

Nilihama Novemba. Shajara hii ni shahidi kwamba kosa halikuwa langu. Bwana Faili alikuwa mpambe wangu siku ya harusi, ni rafiki wa miaka kumi na tano, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukaa na mtu aliyebandika karatasi jiko zima. SPONJI YA VYOMBO. SPONJI YA SINKI. ZISIKUTANE. Siku moja zilikutana. Yakasemwa maneno. Nikafungasha, nikapata chumba juu ya duka la magodoro, kwa Mama Mwenye Nyumba, mstaafu aliyefundisha kwaya maisha yake yote na ambaye mpaka leo anaongea na kila mtu kana kwamba kakaa mstari wa nyuma.

Sheria yetu sisi wenye viza za kukaa muda mrefu ni fupi, hata sponji inaielewa. Ukiingia nchini, ripoti ndani ya siku kumi na nne. Ukihama nyumba, ripoti ndani ya siku kumi na nne. Na kila baada ya siku tisini, jaza fomu kwamba bado upo. Hiyo ya siku tisini niliijaza Januari. Penye "mabadiliko ya anwani" nikatia alama kwenye "hakuna". Nilikuwa na haraka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu, na mimi ni mtu wa kujali wenzangu.

Mama Mwenye Nyumba kaniuliza mara nne kuhusu fomu ya kuhama, ili aisaini. Mara zote nne nimemjibu kwamba siku hizi serikali inajua yenyewe.

Bwana Faili kashauri niende kesho ofisi ya uhamiaji, Dirisha la Sita, nikaseme ukweli. Watu wengine hawana ubunifu kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limenijia kazini. Mimi hukata lenzi za miwani katika karakana iliyo nyuma ya duka la macho. Lenzi ikikataa kuingia kwenye fremu, mjinga hutafuta fremu nyingine. Fundi husaga ukingo wa lenzi kidogo, inaingia. Sasa kwa nini nihangaike kubadilisha karatasi ziendane na maisha yangu, wakati naweza kubadilisha maisha yangu yaendane na karatasi? Tena kwa saa moja tu, Ijumaa.

Chumba changu cha zamani kina mpangaji mpya. Ni nesi wa hospitali, na sote tunamwita Nesi. Nimemfuata baada ya kazi nikamwomba aniazime chumba. Kaniuliza kama nina homa. Kisha kaniuliza kwa nini nisiende ofisini nikaseme tu kwamba nilihama. Nikamweleza kwamba mambo ya ofisi ni magumu, hayafai kwa watu wa kawaida. Akasema wagonjwa wa namna yangu anawaona kila siku: kidonda kidogo, wanakifunika plasta juu ya plasta mpaka mguu unavimba. Nikamwomba asiwe analeta kazi nyumbani.

Mwishoni kakubali. Si kwa ajili yangu, kasisitiza, ila kwa ajili ya dada wa watu anayesubiri huko mbali. Masharti mawili. Kwanza, nisiguse vitu vyake. Pili, yeye hatamdanganya mtu yeyote. Ijumaa atakuwa kazini, na hilo ni la kweli. Kwa upande wangu nimeahidi kumtengenezea miwani, ambayo bawaba yake imeshikwa na utepe wa kufungia vidonda tangu mwaka jana.

Bwana Faili alikuwa jikoni akisikiliza. Akaja na kijitabu cha uhamiaji, kipo ndani ya mfuko wa plastiki, mistari muhimu imepigwa rangi ya kijani. Akanisomea. Akasema Ijumaa ataenda maktaba, maana akiulizwa atajibu. Nikamwambia hakuna aliyemwomba ajibu. Akasema ndiyo maana anaenda maktaba.

Bosi nimemwambia Ijumaa jino litaniuma. Yaani, linaniuma. Kanihurumia mno. Kaagiza nisitafune upande huo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuhamisha vitu. Nimepeleka kwa Bwana Faili: taulo, mswaki, viatu jozi mbili, picha ya harusi, blanketi, na vitabu vitatu vya kuonyesha kwamba ninasoma. Kushuka ngazi na picha ya harusi kifuani si jambo la siri. Mama Mwenye Nyumba kafungua mlango wake, kauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye magodoro kama mke wangu kaniacha. Nikasema picha inaenda kusafishwa kioo. Akasema mbona na blanketi.

Nimefanya mazoezi chumbani kwa Nesi. Nimeketi kitandani kama mtu aliyezoea. Nimenyoosha mkono bila kuangalia nikabonyeza swichi ya taa, mara sita, mpaka mkono ukaijua. Nimeweka picha ya harusi juu ya meza na kuigeuza kidogo, kawaida, isionekane imewekwa leo.

Kabati sikuligusa. Nimeahidi, na mimi nikiahidi nimeahidi. Tena afisa wa serikali hawezi kufungua kabati la mtu. Wana heshima zao wale.

Bosi kaniletea supu ya dukani kwa ajili ya jino. Nimekunywa mbele yake, kwa upande wa kushoto. Supu haina upande, lakini yeye aliridhika.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Afisa alikuwa ni yule mama wa Dirisha la Sita, yeye mwenyewe. Kumbe ofisi haina watu wa kutosha, wa dirishani ndio hao hao wanaotumwa majumbani. Mfupi, mtaratibu, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Niliiona mara moja: mkono wa kulia umepinda. Nikajitolea kuinyoosha hapohapo, bisibisi ninayo mfukoni. Akasema hapokei huduma kwa watu anaowakagua. Nikasema ni upendo tu. Akaandika kitu.

Nikamwonyesha chumba. Nikawasha taa bila kuangalia. Safi kabisa! Ila ilikuwa saa nne asubuhi na jua limejaa chumbani, sidhani kama alivutiwa inavyostahili.

Akaniomba nifungue kabati.

Nikavaa miwani ya mbao, nikafungua. Sare nyeupe za kike, nne. Viatu vya kike, jozi tatu. Kofia ya plastiki ya kuogea, ya rangi ya zambarau.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mke wangu," nikasema. Hata sikusita. Kichwa kinapofanya kazi, kinafanya kazi.

"Mke yupi?"

"Ninaye mmoja tu."

"Huyu anayeomba kuingia nchini?"

"Huyohuyo."

"Kwa hiyo ameshaingia."

"Hapana, mama! Viatu tu ndivyo vilivyotangulia."

Akaivaa miwani yake, ikakaa upande. Akachomoa kitambulisho cha hospitali kilichokuwa kimebanwa kwenye mojawapo ya sare. Kina picha ya Nesi. Akatoa kwenye faili lake picha ya mke wangu. Akaziweka sambamba juu ya kitanda, pembeni ya picha ya harusi, ambayo nilikuwa nimejitahidi sana kuigeuza kawaida. Nesi ana uso mrefu. Mke wangu ana uso wa mviringo, Mwenyezi Mungu aliuchora kwa bangili.

Nikasema mke wangu amepungua siku hizi. Mawazo ya kuwa mbali.

Akaandika kurasa mbili nzima! Mtu asiyeridhika haandiki kurasa mbili. Akanishukuru, akasema ofisi itawasiliana na wahusika. Nimemsindikiza mpaka mlangoni kama mwenye nyumba. Karibu nimwambie karibu tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda kuchukua vitu vyangu na kumkabidhi Nesi miwani yake. Kazi nzuri, bawaba mpya, skrubu haionekani. Akafurahi. Kwa kuwa alikuwa amefurahi nikamsimulia ya jana, kwa fahari kidogo, hasa pale pa mke wangu kupungua.

Hakucheka. Akauliza taratibu kama ina maana kwamba katika kumbukumbu za serikali yeye sasa ni mke wangu. Nikasema si hasa, ni kwa muda. Akauliza kama nilisema kitambulisho chake cha kazi ni cha mtu ambaye hajaingia nchini. Nikasema akilitazama kwa namna hiyo litaonekana baya. Akaivua miwani niliyomtengenezea, ili asinione vizuri. Akasema, "Kaka, toka."

Bwana Faili alikuwa amesimama jikoni. Hakusema neno. Ana namna ya kutosema neno ambayo ingefaa kupigwa rangi ya kijani.

Hawa watu hawajui furaha ya mwenzao. Nikarudi na blanketi langu kichwani. Mama Mwenye Nyumba kaniambia picha imesafishwa vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu kapiga simu saa ya mapumziko ya mchana. Huwa hapigi saa hizo. Ni mwalimu wa darasa la tatu. Akiwa na hasira sauti haipandi, inashuka, na hapo ndipo watoto arobaini huacha kupumua.

Ameitwa kwenye ofisi ya viza asubuhi. Wamemuuliza aliingia huku lini. Akasema hajawahi. Wamemuuliza hospitali gani anafanya kazi. Akasema yeye ni mwalimu. Wamemuuliza anavaa kiatu namba ngapi. Kisha wakamuuliza, kwa upole, kama anafahamu kwamba mumewe anaishi na mwanamke mrefu mwenye sare nyeupe.

Nikaanza kueleza. Akasema nisubiri, ana swali moja tu.

"Unakaa wapi?"

Lo. Hilo nilikuwa sijamwambia. Hata yeye! Alikubali nije huku peke yangu kwa sababu nitakaa na shemeji yake Bwana Faili, mtu makini. Kila nilipompigia tangu Novemba nilikuwa nageuza simu ili dirisha la chumba changu kipya lisionekane. Dirisha linatazama bango la magodoro. Kwa miezi minne mke wangu ameamini kwamba ukuta wangu ni mweupe sana.

Nikamwambia ukweli, kuanzia sponji. Ulikuwa mrefu. Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema amekwishakabidhi darasa lake. Watoto wamemchorea kadi, kila mmoja ya kwake, ndege arobaini zenye mabawa ya kila namna. Amewaambia anakwenda kwa mume wake. Sasa ombi limesimamishwa. Nina siku kumi za kutoa maelezo, la sivyo linafungwa na kuanza upya ni baada ya mwaka mzima.

Akasema, "Sikudai maua. Nadai anwani."

Akakata. Nimekaa karakanani nikisaga lenzi ya mteja mpaka ikawa ndogo kama kifungo. Bosi kaja, kaona macho yangu, kasema jino hilo sasa ling'olewe.

Jumanne, 11 Machi

Sijalala vizuri, lakini asubuhi akili imekuja ikiwa safi kama chupa iliyosuuzwa. Mpango mpya. Huu hauna mwanya.

Sheria inasema nini? Ukiingia nchini, ripoti anwani yako ndani ya siku kumi na nne. Vizuri. Basi mimi nitatoka. Nitapanda basi kesho mpaka mpakani, nitagongewa muhuri wa kutoka, nitavuka barabara, nitakunywa chai, nitageuka, nitagongewa muhuri wa kuingia. Mtu mpya! Nitakuja Dirisha la Sita na anwani mpya ndani ya muda, kama raia mwema aliyeshuka sasa hivi. Ya Novemba yatakuwa ya mtu mwingine, aliyeondoka.

Najiuliza kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili. Jibu ni kwamba watu hawasomi sheria kwa moyo.

Nimemwambia Mama Mwenye Nyumba nasafiri siku moja. Kauliza wapi. Nikasema ng'ambo ya mpaka, kunywa chai. Kasema chai ipo hata hapa.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa nimeshakaa. Kiti cha dirishani, begi miguuni, pasipoti mkononi. Basi limejaa, injini inanguruma, dereva anajifuta uso kwa kitambaa. Nikaona mtu anavuka stendi mbio, kandambili miguuni, faili kwapani. Bwana Faili! Mtu ambaye hata kwenda kutupa taka huvaa soksi!

Mke wangu alikuwa ameshamsimulia yake, na Mama Mwenye Nyumba alimpigia. Mama yule hawezi kutunza hata siri ya chai.

Akapanda, akahema, akasimama katikati ya basi, akatoa kijitabu kwenye mfuko wa plastiki. Nikamnong'oneza tuongee pembeni. Hakuna pembeni kwenye basi. Akasoma kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mwenye viza akiondoka nchini wakati maelezo yake yanasubiriwa, ombi lolote la familia yake linafutwa."

Nikasema hiyo ni tafsiri yake. Akasema si tafsiri, ni ukurasa wa kumi na tisa.

Abiria wakataka kujua kisa. Sikutaka kusema. Bwana Faili akakisema, kwa mpangilio, na tarehe. Alipofika kwenye viatu vilivyotangulia, basi zima liliangua kicheko, na mzee mmoja wa viti vya nyuma akaomba kirudiwe. Alipofika kwenye kadi arobaini za watoto, hawakucheka tena. Mama mmoja mwenye kifurushi mapajani akanigeukia. "Shuka, mwanangu. Mkeo anakungoja na wewe unafuata chai?" Mwingine akasema mume wake naye alikuwa hivihivi, na sasa ni mume wa mtu mwingine. Dereva akazima injini. Akasema basi haliondoki na mimi ndani.

Nimefukuzwa mahali pengi, lakini kwa kura ya basi zima, hii ni mara ya kwanza.

Tuliketi kwenye benchi la stendi, mimi na Bwana Faili. Kandambili zake hazikuwa jozi moja, ya bluu na ya kijani. Nikamwambia. Akatazama miguu yake kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Kisha, bila kunitazama, akasema zile karatasi za jikoni alizibandua wiki ileile niliyohama. Zilikuwa hazina wa kuzisoma. Akasema pia kwamba barua zangu zote za tangu Novemba amezipanga kwa tarehe, ingawa nyingi ni matangazo ya mazulia.

Nilipiga chafya. Vumbi la stendi ni baya sana.

Alhamisi, 13 Machi

Dirisha la Sita. Nilitaka niende peke yangu, kiume. Tulienda wanne.

Mama Mwenye Nyumba alikuja na fomu ya kuthibitisha mpangaji. Alikuwa ameichukua mwenyewe Novemba, akaijaza, akaisaini, akaihifadhi kwenye kitabu cha nyimbo akisubiri mimi niiulizie. Nesi alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake, sare ileile, kitambulisho kilekile. Hakunisalimia, lakini alikuja. Bwana Faili alikuja na faili.

Afisa akatutazama mmojammoja. Akamtazama Nesi, akakitazama kitambulisho. Nesi akasema, "Ni mimi. Sijaolewa na huyu bwana. Nasema hivyo kwa afya yangu." Mama Mwenye Nyumba akasema ninaishi kwake tangu tarehe kumi na tisa Novemba, ninalipa vizuri, ninapiga miluzi bafuni na sauti yangu iko chini ya noti. Ofisi nzima ilisikia, na dirisha la saba likacheka.

Mimi nikasema ukweli. Nilidhani utanichukua saa nzima. Ulichukua sentensi mbili. Nilihama Novemba. Sikuripoti.

Afisa akanipa fomu ya kuchelewa kuripoti. Kumbe ipo! Ni ukurasa mmoja, ina swali moja: sababu ya kuchelewa. Nikaandika ugonjwa, nikakata. Nikaandika kazi nyingi, nikakata. Nikaomba fomu nyingine. Watu watatu nyuma yangu walikuwa wananipumulia shingoni. Mwishoni nikaandika: "Niligombana na rafiki yangu juu ya sponji, nikaona aibu kumwambia mke wangu. Ningeripoti anwani mpya, barua ya viza ya mke wangu ingekuwa na anwani mpya, naye angejua."

Afisa akaisoma kwa miwani yake iliyopinda. Akaisoma tena. Akasema kwenye kiti kile amekaa miaka tisa, na sababu za kuchelewa alizozisoma zingejaza chumba: mafuriko, majeraha, mbwa. Ya kweli ni ya kwanza. Akaigonga muhuri. Akanipa onyo la maandishi, kosa la pili viza yangu itafutwa, nisaini hapa. Akasema maelezo ya ombi la mke wangu atayapeleka leo hii yeye mwenyewe.

Dakika kumi na moja. Bwana Faili alipima.

Nje Nesi akavaa miwani yake, akanitazama, akasema mguu umepungua uvimbe. Nadhani hiyo ni salamu.

Jumanne, 18 Machi

Imekubaliwa!

Mke wangu kapiga simu. Safari hii sauti ilipanda. Nimelia kidogo karakanani, na bosi kaniuliza kama ni lile jino. Nikasema ndiyo, limepona. Akasema meno hayaponi. Hapo kasema kweli.

Mke wangu kanionya kwamba anakuja, lakini kila penye "anwani" kwenye karatasi yoyote ataandika yeye kwa mkono wake. Nikamwambia nimebadilika. Akaniomba nigeuze simu. Nikaigeuza. Akalitazama bango la magodoro kwa muda mrefu, akasema angalau sasa anajua ule mwanga mweupe ulikuwa unatoka wapi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mke wangu yuko hapa tangu Ijumaa. Yuko hapa! Nilimpokea na Bwana Faili, ambaye alivaa soksi. Nikamshika mkono, nikasahau hotuba yote. Yeye hakusahau chochote: kabla hatujatoka pale alitaka kujua ofisi ya kuripoti inafunguliwa saa ngapi.

Nikamwambia apumzike. Siku kumi na nne ni nyingi mno, nina mpango mzuri wa kuzitumia. Nilikuwa nimeandaa hoja: begi lake moja limechelewa kwenye ndege, na mtu ambaye begi lake halijaingia, je, kweli ameingia? Hoja nzito ile. Ningeitetea mbele ya afisa yeyote.

Leo nimerudi kutoka kazini, hayupo. Nimekuta maandishi mezani, kwa mwandiko wa ubaoni: amekwenda Dirisha la Sita na Mama Mwenye Nyumba. Akarudi anacheka, kadi mkononi, muhuri bado mbichi. Afisa aliangalia kwanza miguu yake, akamkaribisha nchini, yeye na viatu vyake. Wakaongea saa nzima. Nesi kaalikwa chakula Jumapili, na Bwana Faili pia. Mimi sikushirikishwa, lakini sina kinyongo. Njia nilimfungulia mimi.

Kanisomea na kijitabu. Kumbe idadi ya watu wanaoishi chumbani ikiongezeka, mpangaji wa kwanza naye anatakiwa kuripoti, ndani ya siku kumi na nne. Mpangaji wa kwanza ni mimi. Akauliza kama twende pamoja kesho asubuhi, ni dakika kumi na moja tu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Amekwenda bafuni, nami nimekipitia kijitabu mara mbili, kwa moyo. Kinasema siku kumi na nne. Hakuna mahali kinaposema lazima zifuatane.